Kituo cha Saba, Hali ya Hewa: Safi

Siku ya kuniaga kazini mliniletea daftari jipya na kalamu mbili, mkasema Mama, tuandikie mambo ya zamani. Nilicheka. Nilidhani mnataka visa vya tembo. Vya tembo ninavyo vichache, na vyote vinafanana: tembo alitokea, tukakimbia. Mtakayoyasoma hapa ni ya ukungu, na mengi si ya kufurahisha. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nilipewa nini. Hayo yamo kwenye faili, na faili mnalo ninyi.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa mwanamke mzima mwenye watoto wawili. Kabla ya hapo nilikuwa hospitali ya misheni huko kwetu Mbulu, chumba cha eksirei, kazi yangu kuosha filamu za mifupa ya watu. Mume wangu alipohamishiwa kufundisha Karatu nikafuatana naye, nikasikia kuna ofisi ya misitu inatafuta mtu anayejua kuosha filamu. Nikaenda. Waliniuliza kama naweza kuosha picha za miti. Nikawaambia nimeosha mifupa kwa miaka, na mwenye mfupa uliovunjika hatulii hata ukimwomba, mti angalau unatulia. Aliyecheka ni mmoja tu, Bwana Elifuraha, na huyo ndiye aliyekuja kunifundisha kazi.

Kwa wale ambao hawakuikuta kazi yenyewe, ilikuwa hivi. Msituni juu ya Karatu, kuanzia mashamba ya kahawa yanapoishia hadi ukingo wa kreta, na kuzunguka huko mpaka karibu na Nainokanoka, kulikuwa na nguzo fupi za saruji zenye namba. Kila nguzo ni kituo. Unafika kituoni, unasimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, kimo kile kile, unaielekeza upande ule ule, unapiga picha ile ile. Mara mbili kwa mwaka. Nia ilikuwa wakubwa walioko mbali wakizipanga picha mezani waone msitu unasogea mbele au unarudi nyuma. Ni kazi ya kurudia jambo moja mpaka uzeeke, nami ndivyo nilivyozeeka.

Bwana Elifuraha alikuwa mtu wa Machame, msafi kupita kiasi, aliyevaa tai hata porini. Alikuja Karatu kijana akafungua studio ya picha za vitambulisho, baadaye ofisi ikamchukua. Siku yangu ya kwanza alinifungia chumba cha giza na filamu iliyoharibika, akaniambia nitoke nikishaweza kuifunga kwenye roli lake kwa vidole bila kuiona. Nilitoka mchana. Aliikagua, akaifungua, akanirudisha ndani. Mwaka mzima sikuuona msitu isipokuwa ndani ya beseni la dawa, chini ya taa nyekundu, ukijitokeza polepole kwenye karatasi. Nilipenda sana saa zile. Kisha magoti yake yakaanza kugoma kupanda vilima, akanikabidhi kamera kama mtu anayekabidhi mtoto kwa jirani asiyemwamini.

Mara ya kwanza kupanda nilikabidhiwa pia kwa Mzee Tluway. Yeye ndiye alikuwa mlinzi wa upande ule wa msitu, mwenyeji wa kijiji cha Daa, Mwiraqw kama mimi, mrefu, mwenye koti la kaki la ofisi na buti kubwa kuliko miguu yake. Alizijaza maganda ya mahindi zisimtoke miguuni. Jina lake kwa lugha yetu ni mvua, na mvua ilimfuata kweli. Aliibeba ile miguu mitatu ya kamera begani kama anakwenda kulima, akatangulia, na kabla ya kila kona alikohoa. Nikadhani ana kifua. Kumbe anawaarifu nyati, maana nyati hapendi kushtukizwa. Mpaka leo nikiwa peke yangu kwenye njia yenye kona nakohoa, wajukuu wananiuliza kama naumwa.

Siku hiyo ya kwanza tulifika kituo cha kwanza, nikafunga kamera, nikachungulia, nikaona weupe mtupu. Nikadhani nimesahau kufungua kifuniko. Nilipoinua kichwa, weupe ulikuwa pale pale mbele ya macho yangu. Mzee Tluway aliketi juu ya gogo akasema tungoje, na tukangoja mpaka mchana, matone ya maji yakituangukia shingoni kutoka kwenye miti yenye ndevu, kisha tukashuka bila picha. Niliporudi Bwana Elifuraha aliniambia maneno ambayo nayanukuu kama alivyoyasema: "Mama Neema, kamera haijui kama kuna ukungu. Inachojua ni kwamba kuna mti au hakuna mti."

Basi niwape nilichojifunza, kabla sijafika kwenye sehemu nisiyopenda kuiandika.

Kipima mwanga kikikutana na ukungu hudanganyika. Kinaona weupe mwingi, kinadhani jua limewaka, kinakwambia uibane lenzi. Ukikitii unapata picha ya kijivu kizito, miti yote masizi. Fungua hatua moja zaidi ya kinavyosema, na ukungu ukiwa mzito sana fungua hatua moja na nusu. Kamera usiifiche ndani ya koti eti isipate baridi. Ikitoka kwenye joto la mwili wako lenzi inatoka jasho papo hapo, nawe utakaa unaifuta mpaka wingu lililokuwa limefunguka lijifunge tena. Iache ipate baridi pamoja nawe. Ya kufutia lenzi ni kipande cha kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka imelainika, kwa sababu kanga mpya huacha nyuzi. Filamu igeuze taratibu, baridi huifanya ngumu, na kwa kuwa zilikuwa picha kumi na mbili tu kwa filamu moja, kuikata ilikuwa ni kuikata safari nzima. Na ujue kwamba ukungu unatembea. Mara nyingi huanza kulegea saa nne, saa tano unakupa mwanya, pengine wa kuhesabu mpaka ishirini tu. Mtu aliyeketi anakunywa chai wakati huo hana picha.

Sitawadanganya, ukungu ni mzuri kupiga ukiwa hutafuti ushahidi wa kitu. Mti wa mbele mweusi, wa pili kijivu, wa tatu ni wa kukisia, wa nne haupo. Nilipiga kadhaa za namna hiyo kwa ajili yangu mwenyewe, mwishoni mwa filamu, na moja nimeitundika sebuleni. Wageni huniuliza kwa heshima kwa nini nimetundika picha iliyoharibika.

Sasa daftari la vituo. Kila picha iliandikwa humo: kituo, namba ya filamu, saa, hali ya hewa, sahihi. Chini ya hali ya hewa, mara ya kwanza nilipopata picha yenye ukungu, nikaandika ukungu. Bwana Elifuraha aliona, akachukua kiwembe akaikwangua karatasi polepole, akaandika safi. Akanieleza kwamba picha iliyoandikwa ukungu inarudishwa, na ikirudishwa tutapanda tena kwa miguu, maana gari halitatolewa mara mbili, na tukipanda tena tutaukuta ukungu tena. Wote walikuwa wakiandika safi, tangu kabla yake. Ilimradi picha inaonekana kidogo, ni safi. Mtu akilisoma daftari letu angedhani Karatu ni jangwa. Tulicheka juu ya jambo hilo, na nikaandika safi kwa miaka, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule ya masista.

Miaka ikaenda. Ikaja ile miaka ya mwisho ya sabini na mwanzo wa themanini ambayo waliokuwepo wanaikumbuka, hakuna mafuta, hakuna sabuni, gari la ofisi limewekwa juu ya mawe na kuku wanataga chini yake. Tulikuwa tukienda vituoni kwa miguu, mimi na Mzee Tluway, siku tatu nne kwa safari moja. Nilimjua kuliko nilivyomjua kaka yangu. Alijua kwa pua kama mti umekatwa karibu. Aliwahi kuwakamata wapasua mbao watatu peke yake, akawashusha mpaka Karatu akiwa amewabebesha msumeno wao wenyewe, na hakuwahi kulisimulia hilo, nililisikia kwa wengine. Korongo linalotazamana na kituo cha saba lilikuwa fahari yake. Ng'ambo ya pili kulikuwa na miti ya podo na loliondo ya zamani sana, vigogo ambavyo watu watatu wakishikana mikono hawavizungushi.

Mwaka mmoja wa masika mazito tulifika kituo cha saba mara mbili, na mara zote mbili ng'ambo haikuonekana. Mara ya pili miguu yangu ilikuwa imevimba. Mzee Tluway alisema tungoje siku moja zaidi. Mimi nikasema mwanangu anaumwa, nikapiga hivyo hivyo, miti mitatu minne ya mbele ikionekana na nyuma yake karatasi tupu. Nikaandika kituo cha saba, hali ya hewa safi, nikatia sahihi.

Muda mfupi baadaye tukaletewa mkubwa mpya. Alikuwa mtu wa pwani, alikuja na sweta moja, na hakuwa mtu mbaya, naomba mnielewe. Alikuwa mchapakazi. Jambo la kwanza alilofanya, ambalo hakuna mkubwa aliyewahi kulifanya, ni kuzitoa picha zetu kabatini na kuzipanga mezani mwaka kwa mwaka. Ndiyo kazi zilizopigiwa. Akafika kituo cha saba. Picha ya mwaka uliotangulia, mteremko umejaa miti hadi juu. Picha ya mwaka huo, mteremko mweupe. Akafungua daftari kuona hali ya hewa.

Tuliitwa ofisini kwake asubuhi, mimi na Mzee Tluway. Bwana Elifuraha alikuwepo pia, amekaa pembeni na tai yake, akibakiza miezi michache astaafu. Mkubwa alizisukuma picha zile mbili mbele ya Mzee Tluway akamwuliza miti imekwenda wapi na aliwauzia akina nani.

Mzee Tluway alizitazama. Kisha akasema kwa upole, "Mkubwa, siku ile kulikuwa na ukungu. Miti ipo."

"Hapa pameandikwa safi." Mkubwa akaligeuza daftari, akaniangalia mimi. "Mama, wewe ndiye uliyepiga. Siku hiyo hali ya hewa ilikuwaje?"

"Kama ilivyoandikwa," nikasema.

Niliogopa. Sina neno jingine la kulipamba. Niliona madaftari yote ya nyuma yakifunguliwa, yangu na ya Bwana Elifuraha, kurasa kwa kurasa za safi, nikaona tunafukuzwa wote wawili kwa aibu, na mdomo ukajibu kabla sijauruhusu. Ungeweza kurudi nyuma mara hiyo hiyo. Haukurudi. Mzee Tluway hakugeuka kuniangalia, na mpaka leo sijui kama alifanya hivyo kwa hasira au kwa kunionea haya. Gari halikuwa na mafuta, daraja la kwenda juu lilikuwa limechukuliwa na maji, hakuna aliyependekeza kwenda kuangalia. Picha ilitosha. Akasimamishwa kazi kusubiri kikao baada ya mwezi mmoja. Alivua koti la ofisi pale pale, akalikunja vizuri akaliweka juu ya kiti. Buti alizivua mlangoni, maganda ya mahindi yakamwagika sakafuni, akainama kuyaokota moja moja. Kisha akaenda zake Daa peku.

Wiki mbili nilikuja kazini nikijiambia nitasema kesho. Nilikuwa na mpango, na mpango wenyewe ulikuwa wa mwoga: nitapanda kituo cha saba peke yangu kimya kimya, nitapiga picha ng'ambo ikiwa wazi, miti yote ipo, nitaileta kikaoni, naye atarudishiwa koti lake bila mimi kufungua mdomo. Hata mtu wa kunisindikiza sikumpata, kwa kuwa nafasi yake haikuwa imejazwa na upande ule wa msitu ulibaki bila mlinzi. Mwishowe nikaenda Daa nikamwomba yeye mwenyewe. Nilijua sikustahili. Alikuwa anapalilia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaegemeza jembe ukutani, akamwambia mkewe, Mama Yohana, kwamba atarudi baada ya siku chache. Hakumwambia anakwenda wapi.

Tulikaa kwenye kibanda cha doria karibu na kituo, na kila kulipopambazuka tulikuwa kwenye nguzo ya saruji, kamera tayari, tukitazama weupe. Siku ya kwanza haukulegea kabisa. Siku ya pili, saa tatu hivi asubuhi, tukasikia msumeno.

Ukungu hucheza na sauti, unaweza kudhani mtu yuko nyuma yako kumbe yuko ng'ambo. Lakini Mzee Tluway aliinamisha kichwa kidogo tu akajua. Misumeno miwili, akasema, na shoka. Wako ng'ambo. Kisha tukasikia mti ukianguka, ule mlio mrefu wa kupasuka na halafu kishindo unachokisikia kwa miguu. Nikamwambia twende tukawafukuze.

"Nikiwa nani?" akaniuliza.

Koti lake lilikuwa kwenye kabati la ofisi kwa sababu yangu. Watu wale walikuwa genge, na walikuwa pale kwa kuwa habari ilikwisha kuenea Karatu nzima kwamba korongo halina mlinzi. Siku ya tatu alishindwa kuvumilia, akasimama ukingoni akapiga kelele kuwaita kwa majina aliyoyakisia. Msumeno ulinyamaza. Tukangoja. Kisha ukaendelea pale ulipoishia. Alirudi akaketi karibu na kamera, na tangu hapo kila mti ulipoanguka alitaja aina yake kwa sauti ndogo, podo, loliondo, podo. Nilikuwa nataka kuziba masikio, nikaona haya.

Siku ya nne kabla ya saa tano ukungu ukafunguka. Nilikuwa nimeungoja kwa siku zote hizo, na ulipofunguka nilitamani ujifunge. Ng'ambo palikuwa na weupe wa mbao na wekundu wa udongo. Ilikuwa imebaki miti michache mibovu juu kabisa. Picha yangu ya uongo ilikuwa imekuwa ya kweli.

Mzee Tluway alisimama akaangalia. Kisha akaniambia, "Piga."

Nikamwambia nikiipiga hii nimekumaliza.

"Usipoipiga utasema umeona nini? Piga, Mama Neema. Tumetoka mbali."

Nikapiga. Tukateremka mpaka kwenye visiki, wale watu walikuwa wameondoka asubuhi hiyo na mbao zao, nikapiga visiki, nikapiga unga wa mbao uliokuwa bado unanukia. Nilidhani hivyo vitaonyesha kwamba miti imekatwa juzi na jana. Lakini mvua ilikwisha kuvilowesha vyote, na katika picha ya nyeusi na nyeupe kisiki kilicholowa cha jana na cha mwaka jana ni ndugu.

Kwenye kikao nilisema. Mjue kwamba nilisema, ingawa nilichelewa. Nilisimama mbele ya mkubwa na wajumbe watatu na katibu wao, nikaeleza kwamba siku ya picha ile ya kwanza kulikuwa na ukungu mzito, kwamba niliandika safi, kwamba tumekuwa tukiandika safi tangu nilipofika. Bwana Elifuraha alikuwa ameitwa pia. Aliinamisha macho, hakuunga mkono wala hakukataa. Nikaeleza tulivyosikia misumeno. Mkubwa akamwambia katibu aweke kalamu chini.

"Hilo la daftari hatutaliandika," akasema. "Likitoka humu ndani hakuna picha ya ofisi hii itakayoaminiwa tena." Sauti yake haikuwa kali. Kisha akaniuliza, "Lakini Tluway alikuwa porini siku hizo walipokuwa wanakata?"

"Alikuwa na mimi."

"Alikuwa porini au hakuwa?"

"Alikuwa."

Akamwashiria katibu achukue kalamu. Mtu aliyesimamishwa kazi ameonekana ndani ya msitu, kwenye korongo lake la zamani, siku zile zile linapokatwa. Hilo ndilo lililoandikwa, nami ndiye niliyelitoa. Walimwachisha kazi. Hawakumpeleka mahakamani, wakasema wamemhurumia kwa umri. Mimi sikupewa hata onyo, kwa sababu kosa langu halikuwepo kwenye karatasi.

Nilikwenda Daa na kilo ya sukari niliyoitafuta kwa shida. Nilimwomba radhi tukiwa nje, wawili tu, karibu na zizi. Akasema amesikia. Sikuthubutu kumwuliza kama amesamehe. Halafu akaniambia, bila kuinua sauti, "Ungesema siku ile ya kwanza, kesho yake ningekuwa kwenye korongo. Wale wasingekata." Akaniita ndani tukanywa maziwa. Nilishindwa kuyamaliza, Mama Yohana akadhani sipendi ya mgando.

Tangu mwaka huo sikuandika safi kwenye ukungu. Picha zilirudishwa, nikapanda tena, zikarudishwa tena, nikapanda tena. Wengi wenu mlinikuta nikiitwa mkaidi. Si ukaidi. Mkiona katika madaftari ya miaka ya themanini ukungu, ukungu, ukungu kwa ukurasa mzima, mjue kwamba ni kweli, na hakuna sifa yoyote ninayoidai kwa hilo.

Bwana Elifuraha alistaafu akarudi Machame. Hatukuwahi kulizungumza. Mkubwa alihamishwa. Mzee Tluway alibaki Daa akilima mahindi na maharage, na hakupanda tena msituni hata kutafuta fito. Watu wa kijijini walimbandika jina, Bwana Mbao. Kwa utani, walisema. Akinunua bati moja la nyumba watu wanaulizana kwa macho limetoka wapi. Mwanawe Yohana alipokwenda kuposa, upande wa binti walirudisha posa mara ya kwanza, wakasema hawajui kama ile nyumba ina mkono mrefu. Nilikuwa nafika kwao kila baada ya mavuno. Nilipokelewa vizuri, na kila mara niliondoka nikiwa sijasema kitu mbele ya watu. Ningeanzia wapi? Nilikuwa na sababu nzuri kila mwaka.

Alifariki miaka miwili kabla sijastaafu, kifua, safari hii kweli. Kwenye mazishi waliniomba niseme neno kama mtu aliyefanya naye kazi. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama pale shambani. Nilisimama nikasema alikuwa mfanyakazi hodari na aliijua misitu yake. Watu wakaitikia. Nikaketi.

Hapo ndipo nilipokuwa nimemaliza kuwaandikia. Lakini nilipotaka kuwaletea daftari hili ofisini niliona siwezi kuwapa ninyi kwanza. Jumamosi iliyopita nikalibeba mpaka Daa. Mama Yohana hajui kusoma, kwa hiyo nilimsomea mwenyewe, kwa Kiswahili kama nilivyoandika, na pale aliponikunjia uso nilimweleza kwa lugha yetu. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nilipofika kwenye ofisi ya mkubwa, kwenye neno langu, mikono yake ilisimama, na haikuendelea tena mpaka mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Nilitaka anifukuze.

Mama Yohana aliutazama ungo.

"Aliniambia hakuuza hata mti mmoja," akasema. "Siku ile aliporudi peku. Nikamwambia wadanganye wengine, mimi usinidanganye."

Akaokota jiwe dogo katikati ya maharage akalitupa nje.

"Hakuniambia tena mpaka anakufa."